Unyoya wa Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Siku tatu za Kataboi, kule ziwani, zilikuwa zimepotea bure, na Chelangat alilijua hilo kabla lori la samaki halijaingia Lodwar. Alikuwa ameenda kumtafuta mtu mmoja tu, mvuvi aliyemuuzia Lotiir, mteja wa wakili wake, samaki wakavu siku ileile Ngugi mwenye duka alipouawa Kakuma. Chelangat alimpata. Mvuvi alimkumbuka Lotiir vizuri, hata kidole chake kilichokatika. Tatizo lilikuwa siku yenyewe. Mara ya kwanza mvuvi alisema ilikuwa kabla ya mvua. Mara ya pili, baada ya mvua. Mara ya tatu alimtazama Chelangat kwa huruma, akamuuliza yeye angependa iwe lini.

Aliandika majibu yote matatu katika daftari lake, kwa kuwa ndivyo wakili Mureithi alivyomfundisha, kisha akapiga mstari chini yake.

"Huyo angekupa hata siku ya Krismasi, madamu," alisema Ekidor walipokaa hotelini kunywa chai. "Roho yake nzuri tu. Hataki uondoke mikono mitupu."

Ekidor alikuwa katekista wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye kaptula ya kaki na viatu vya matairi. Mureithi alikuwa amemwomba awe mkalimani wa Chelangat kwa wiki mbili, maana Chelangat alizaliwa Kericho na Kiturkana chake kiliishia kwenye salamu. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa Mureithi mjini Kitale, miaka ishirini na sita, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutumwa peke yake kutafuta ushahidi.

"Basi hao majaji wakubwa wamwite wao," Ekidor aliendelea. "Wakimwona uso, watajua hadanganyi."

"Hawamwiti mtu, mzee. Mahakama ya Rufani haina kizimba cha mashahidi."

"Sasa wanahukumu nini?"

Chelangat aligonga kitabu kilichokuwa juu ya meza, kurasa hamsini na mbili zilizopigwa chapa na kushonwa kwa uzi. "Hiki. Kila neno lililosemwa katika kesi ya kwanza limeandikwa humu. Majaji watatu wanakisoma, wanamsikiliza wakili, wanaamua kama jaji wa kwanza alikosea. Kisichokuwa humu, kwao hakikutokea."

"Kama kitabu cha uzima," alisema katekista.

"Kama kitabu cha uzima. Ila hapa tunaruhusiwa kuomba ukurasa uongezwe. Ni vigumu, lazima tuwe na sababu nzito, lakini inaruhusiwa. Wakikataa, hakuna mlango mwingine. Juu yao hakuna mahakama."

Lotiir alikuwa katika gereza la Kamiti, akisubiri kunyongwa. Rufani yake ilikuwa imekatwa wakati mahakama ya juu ingali ile ya nchi tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika, mahakama ikafa nayo, na faili la Lotiir likakaa katikati ya nyumba mbili mpaka Kenya ilipounda Mahakama ya Rufani yake yenyewe, mwishoni mwa mwaka wa 1977. Sasa tarehe ilikuwa imewekwa: Jumanne, tarehe 21 Machi. Leo ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa. Karatasi zozote za kuongeza zilipaswa kufika mezani kwa Mureithi Jumatano ijayo.

"Amebaki nani?" Ekidor aliuliza.

"Mke wake. Tumwulize alivyosema Lotiir siku alipoondoka kwenda Kataboi."

"Nakeno? Mke atasema lolote la kumwokoa mume."

"Najua. Hata majaji wanajua. Lakini twende."

*

Boma la Nakeno lilikuwa kando ya barabara ya Kakuma, mwendo wa saa moja kwa lori kisha nusu saa kwa miguu. Walimkuta amekaa kivulini mwa kibanda chake, akipaka mafuta kigoda kidogo cha mti, kile ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Alikuwa mwanamke mwembamba, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni.

"Ejok," Chelangat alimsalimu.

"Ejok," alijibu Nakeno bila kuacha kupaka. Akasema maneno mengine kwa Ekidor.

"Anauliza kama ni kweli huko ndani wamemvisha viatu."

"Sijui," alisema Chelangat. "Mwambie sijamwona. Wakili ndiye aliyemwona."

"Anasema mume wake hajawahi kuvaa viatu vya kufunga. Anasema miguu yake itamuuma."

Chelangat alifungua daftari. Aliuliza juu ya Kataboi, na Nakeno akajibu kila swali kwa ufupi. Ndiyo, alikwenda. Watoto walikuwa na njaa. Alirudi na samaki siku ya nne. Siku gani? Siku ya nne. Wakati huohuo vidole vyake vilizunguka mguu wa kigoda, vikirudi palepale pa kwanza.

"Kigoda hicho ni chake?"

"Chake," Ekidor alitafsiri. "Anakipaka mafuta kisipasuke. Hakuna mtu anakikalia. Anasema maksai wake pia yuko, yule mwenye madoa. Lotiir alikuwa anamwimbia kila jioni. Sasa watoto wanamwimbia, lakini maksai hasikilizi. Anageuza kichwa kule kwa njia."

Chelangat aliandika hilo pia, ingawa halikuwa na kazi mahakamani. Kisha akauliza swali aliloliuliza kila alipokwenda, kwa sababu Mureithi alisema vitu havisahau tarehe kama watu. "Alibakisha vitu gani vingine?"

Nakeno aliinuka, akaingia ndani akiinama, akatoka na mfuko wa ngozi. Alitoa kitu kimoja kimoja na kukilaza juu ya ngozi ya ng'ombe. Kisu cha kuvaa mkononi, kimefunikwa ala yake. Kibuyu cha tumbaku. Kofia ya udongo iliyokuwa imekatwa kutoka kichwani mwa Lotiir alipokamatwa, ambayo nduguye aliiokota. Mwisho, kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikifungua polepole. Yalikuwa manyoya matatu ya mbuni, meusi.

Chelangat alihesabu, akaandika: *manyoya matatu, meusi.* Kalamu ikasimama.

"Hakuwa na mengine?"

"Mengine ya nini?" Ekidor alicheka kidogo. Alikuwa amejibu mwenyewe, bila kumwuliza Nakeno.

"Meupe, kwa mfano."

Kicheko kiliisha. "Madamu, Lotiir ni Jiwe. Avae nyeupe aende wapi?"

"Sikuelewi, mzee."

Ekidor alichutama, akachora mistari miwili mchangani. "Sisi wanaume wa Turkana tuko upande mbili. Ngimor, ndiyo Mawe. Ngirisae, ndiyo Chui. Baba akiwa Chui, watoto wake ni Mawe. Baba akiwa Jiwe, watoto wake ni Chui. Huchagui. Unazaliwa nayo. Mawe wanavaa unyoya mweusi, Chui wanavaa mweupe. Kwa sherehe ya nyama, kila mtu anakaa kwa upande wake. Baba ya Lotiir alikuwa Chui. Mimi najua, tulikaa nyama pamoja mimi na yeye, kabla sijabatizwa. Mimi mwenyewe ni Chui."

Chelangat alikuwa tayari ameshakifungua kile kitabu. Alikuwa amekisoma mara sita. Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa na ushahidi wa Wahu, mjane wa Ngugi, aliyerudi dukani saa nane mchana akamwona mwanamume akitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Alisoma polepole, akitafsiri kutoka Kiingereza.

"'Alikuwa mrefu. Nilimwona mgongo, kisha nusu ya uso alipogeuka. Kichwani alikuwa na unyoya wa mbuni.' Basi. Swali linalofuata ni kuhusu gwaride la utambulisho." Aligeuza kurasa. "Thelathini na moja. Mwendesha mashtaka anamwuliza Lotiir. 'Wewe huvaa unyoya wa mbuni kichwani?' Jibu: 'Ndiyo.' Na hapa, kwenye hukumu, ukurasa wa arobaini na nne. 'Mshtakiwa mwenyewe anakiri kwamba huvaa unyoya kama ule aliouona shahidi.'"

"Unyoya wa rangi gani?"

"Hakuna aliyeuliza. Jaji alitoka mbali, na wakili, na mwendesha mashtaka. Hata wazee wa baraza watatu waliokaa na jaji kumshauri, hakuna aliyetoka huku."

Ekidor alivua kofia yake, akajipangusa. "Wiki nzima tuko pamoja. Kwa nini hukuniambia kuna unyoya?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia kuna Mawe na Chui?"

"Hukuniuliza."

Nakeno aliwatazama kwa zamu, akauliza neno moja. Ekidor alimweleza, na maelezo yakawa marefu. Alipomaliza, mwanamke yule aliyakusanya manyoya mapajani. Kisha alisema kwa sauti ndogo, na Ekidor akachelewa kutafsiri.

"Anasema Lotiir alijibu ndiyo kwa sababu alidhani wanajua. Mtu akikuuliza kama unavaa unyoya, anakuona wewe ni Jiwe, sasa atakuwa anauliza unyoya gani mwingine? Anasema mume wake hakuficha kitu. Anauliza, sasa atarudi?"

"Mwambie bado. Yuko mtu mmoja tu anayeijua rangi ya ule unyoya, na ni yule mjane aliyesema aliuona."

*

Duka la Wahu huko Kakuma lilikuwa la mabati, karibu na mto Tarach, ambao mwezi huo ulikuwa mchanga mtupu. Chelangat alimwacha Ekidor kwenye lori.

"Uso wako unasema kabla ya mdomo, mzee. Na mimi siruhusiwi kumwonyesha jibu ninalolitaka. Akilisema kwa kunifurahisha, tutakuwa na mvuvi wa pili."

"Na akisema nyeusi?"

Chelangat alifunga kitufe cha juu cha blauzi yake. "Basi tutakuwa tumemkazia Lotiir kamba kwa mikono yetu."

Wahu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Murang'a, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Wateja walimwita Mama Duka. Nyuma yake, kati ya katoni za sabuni na majani ya chai, kulikuwa na kipande cha gazeti kimebandikwa ukutani, kimegeuka njano. Kichwa chake cha habari kilisema muuaji wa Kakuma atanyongwa.

Chelangat alijitambulisha kwa jina na kwa kazi, bila kuficha. "Natoka kwa wakili wa Lotiir, mama. Rufani yake inasikilizwa Jumanne, tarehe ishirini na moja. Huna lazima ya kuzungumza nami."

Wahu alimpima kwa macho. "Umetembea na jua hili kuja kuambiwa huna lazima? Kaa. Kunywa chai."

Saa saba ilipofika alinyoosha mkono akafungua redio iliyokuwa kwenye rafu, na taarifa ya habari ikaanza. Hakuisikiliza. "Ilikuwa yake," alisema. "Saa saba lazima ifunguliwe. Ndugu zake wananiandikia nirudi nyumbani, shamba liko. Nirudi namna gani? Yeye yuko hapa, nyuma ya misheni. Nyumbani nitampikia nani, nitamfungulia nani redio?"

Chelangat alisubiri mpaka habari zilipofika kwenye mpira. Kisha aliuliza kwa mpangilio aliouandika usiku uliopita. Yule mtu alikuwa na urefu gani? Alivaa nini begani? Alishika nini? Wahu alijibu kama mtu anayesoma ubao. Shuka nyeusi. Fimbo. Hapana, damu hakuiona, damu aliiona ndani.

"Kichwani?"

"Udongo, kama wao wanavyovaa. Na unyoya."

"Unyoya ulikuwaje?"

"Wa mbuni. Nilisema hata kortini."

"Niambie tena ulivyouona, mama. Kana kwamba mimi sijawahi kuona unyoya wa mbuni."

Wahu alifumba macho. Nje, mbuzi walipita. "Ulisimama. Hivi. Ncha yake imelala kidogo. Ulikuwa mweupe kabisa, msichana wangu, mweupe kama unga wa ngano, hata nilipoingia gizani mle ndani, macho yangu yalikuwa bado yanauona ule weupe. Hata leo nikifumba ninauona." Alifumbua. "Mbona huandiki?"

Chelangat aliandika. Aliangalia saa, akaandika na saa. Kisha akaweka kalamu chini na kumweleza yote, Mawe na Chui, manyoya matatu mfukoni, maswali mawili yaliyoulizwa na moja lililorukwa.

Wahu alizima redio.

"Miezi kumi na tisa nimelala usingizi," alisema, "kwa sababu najua yuko ndani. Nilimgusa bega mwenyewe kwenye gwaride, wanaume wanane, vichwa wazi. Nilijua ni yeye."

"Vichwa wazi," alisema Chelangat.

"Basi mtu wangu aliuawa na nani?"

"Sijui, mama."

"Hao majaji wako watajua?"

"Hawatafuti muuaji. Wanauliza kitu kimoja tu, kama huyu alihukumiwa kwa haki. Wakimwachilia, kazi yao imekwisha."

"Mahakama kubwa kuliko zote," Wahu alisema polepole, "na swali langu hawaruhusiwi kuliuliza."

"Hawaruhusiwi. Litabaki kwa polisi, waanze upya."

"Wataanza?"

Chelangat alifikiria kusema ndiyo. "Nitawaandikia barua kila mwezi," alisema. "Hilo naweza kukuahidi. Zaidi ya hilo, hapana."

Wahu alichukua kikombe cha Chelangat, chai ikiwa nusu, akaimwaga mlangoni. "Unataka niende Lodwar nikaape."

"Mbele ya hakimu. Bila kiapo chako, maneno haya hayawi ukurasa."

"Lori linaondoka kesho saa tatu asubuhi. Ukiniona, umeniona. Nenda sasa."

Saa tatu ya kesho yake dereva aliwasha injini. Ekidor alikuwa juu ya mizigo ya ngozi, akitazama upande wa duka na midomo ikimchezacheza. Chelangat alimwomba dereva dakika tano. Alipata tano, akaomba tano nyingine. Dereva alikuwa ameshaingiza gia Wahu alipotokea, amevaa koti la kanisani, akifunga kufuli kwenye mlango ambao watu wa Kakuma walisema haujafungwa mchana tangu siku ya mazishi.

*

Jumatatu asubuhi, ofisi ya hakimu wa Lodwar ilikuwa na benchi moja tu, na wanawake wawili walikaa juu yake. Nakeno alikuwa amefika kwa miguu tangu jana, mfuko wa ngozi begani, kigoda kifuani. Ekidor hakuruhusiwa tena kutafsiri, kwa kuwa naye sasa alikuwa shahidi wa kuapa kuhusu baba yake Lotiir, kwa hiyo karani wa mahakama alichukua nafasi yake. Kwa muda mrefu wanawake wale hawakutazamana.

"Ejok," alisema Nakeno hatimaye.

Wahu alikuwa ameishi Kakuma miaka kumi na mmoja. "Ejok," alijibu. Kisha, bila kugeuka: "Mwambie anionyeshe."

Karani aliyasema. Nakeno alifungua kitambaa. Wahu aliushika unyoya mmoja, akausimamisha mbele ya dirisha, mahali mwanga ulipoingia, akauangalia kwa muda mrefu hata hakimu akaacha kuandika. Kidole chake kilipita kwenye ukingo wake, taratibu, kuanzia chini hadi nchani.

"Si huu," alisema. "Wala haufanani na ule."

Aliurudisha mikononi mwa Nakeno kwa mikono yote miwili.

Karani alipiga hati ya kiapo kwa mashine, Wahu akisema na Chelangat akihakikisha kila aya. *Mimi ni mjane wa marehemu. Nilitoa ushahidi katika kesi ya awali. Sikuulizwa rangi ya unyoya niliouona. Unyoya huo ulikuwa mweupe.* Hakimu alimsomea yote, akamwuliza kama ni kweli, akamsogezea kalamu.

Wahu hakuishika. Chelangat aliona mkono wake umelala juu ya meza, pete ya ndoa ikiwa imelegea.

"Ongeza tena," alisema Wahu.

"Niongeze nini, mama?" hakimu aliuliza.

"Nyeupe. Iandike mara ya pili, peke yake, mstari wake. Mara ile nilisema unyoya, wakaupita. Hawa nao wana vitabu vingi vya kusoma, na mimi sitakuwapo kuwashika mkono."

Hakimu alianza kusema kwamba sheria haihitaji neno moja mara mbili. Aliangalia benchi, mwanamke aliyekumbatia kigoda kilichong'aa kwa mafuta, akamwashiria karani aongeze.

Karani alirudisha karatasi ndani ya mashine, akainyoosha, na kupiga aya ya tano, herufi moja moja. *Nasema tena kwamba ulikuwa mweupe.*

Wahu aliisoma mwenyewe, miwani karibu na karatasi. Kisha akatia sahihi, jina lake kwanza, na baada yake, bila kuambiwa na mtu, jina la mumewe.